Panga safari kwa makazi ya ndege: jibu kwa mwalimu anayetaka kuizunguka Kenya

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari. Kwa miaka kadhaa amekuwa akitazama ndege wa uani kwa macho tu, na sasa ameweka akiba ya kununua darubini na kusafiri siku 14. Hana gari. Ameandika mahali anapotaka kufika: Malindi, Tsavo, Amboseli, Maasai Mara, Nakuru, Baringo, Kakamega na Marsabit, "ili nipate makazi yote ya ndege nchini." Anauliza kama mpango huo unawezekana, kama aende likizo ya Agosti au ya mwisho wa mwaka, anunue darubini gani, na kama ni sawa kuwaita ndege kwa kucheza sauti zao kwenye simu.

Mwalimu, safari bila gari inawezekana, na siku 14 zinatosha. Shida iko kwenye orodha. Futa Amboseli, Mara, Nakuru na Marsabit. Malindi ibaki stendi ya kupitia tu. Mahali pa kulala ni Gede, ukiwa na msitu wa Arabuko-Sokoke upande mmoja na hori ya Mida upande wa pili. Ongeza milima ya Taita, nyanda za Kinangop na kinamasi cha Dunga kule Kisumu. Baringo na Kakamega ziache zilipo. Tsavo utaionja ukiwa njiani, na hiyo inatosha kwa mara ya kwanza.

Najua inauma kufuta Mara. Lakini fikiria hivi: Kenya ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na hawakujigawa kwa mipaka ya hifadhi. Wamejigawa kwa mwinuko, mvua, udongo na mimea. Tsavo, Amboseli na Mara kwa mtalii wa simba ni safari tatu. Kwa mtazama ndege, sehemu kubwa ni nyika ileile inayobadilika polepole: mbuni, ndege karani, tandawala, kanga, tai juu ya mzoga, kwezi wa rangi ya samawati kwenye kila mgunga. Hifadhi ya kwanza itakushangaza. Ya tatu itakupa wapya wachache kwa kiingilio kingine. Tena ndani ya hifadhi hizo hutembei kwa miguu. Unafungwa ndani ya gari, ambalo wewe huna na itabidi ulikodi. Mahali karibu pote ninapokutuma utatembea kwa miguu au kupanda mashua, na mtu anayetembea husikia ndege kabla hajawaona.

Marsabit ni habari nyingine. Huko kaskazini, kwenye mawe meusi ya Dida Galgalu, kuna kipozamataza, Mirafra williamsi, asiyeonekana ila katika nchi hii. Anastahili safari yake peke yake. Kumbandika kwenye siku 14 ni kupoteza siku nzima barabarani kwenda, nyingine kurudi. (Majina ya kisayansi nitakuwa nikiyataja pale ambapo ndege hana jina moja la Kiswahili linalotumika kote, ili umpate kitabuni bila kubahatisha.)

Tuanze na tarehe, kwa sababu zinabadilisha utakachokuta. Agosti ni kavu zaidi, na pwani kuna wageni kutoka kusini. Mkesha mwenye madoa, Geokichla guttata, hukaa kati ya Aprili na Oktoba hivi, na mahali pazuri pa kumtafuta ni chini ya miti ya magofu ya Gede, akipekua majani makavu. Kwenye mlango wa mto Sabaki wakati huo kuna Glareola ocularis, anayezaliana Madagaska. Lakini wageni wa kaskazini, wale wa Ulaya na Asia, ndio kwanza wanaanza kuwasili, na kweche wengi wa mashambani na kina mnana wa nyika za mashariki wamevaa manyoya ya kahawia yasiyotambulika. Mwisho wa Novemba kuingia Desemba hori ya Mida imejaa wageni, nyika imepata mvua za vuli, na madume ya mnana yamevaa manjano yao. Utalowa, hasa Taita, na bodaboda zitateleza. Ningechagua Novemba bila kusita, kisha Agosti ya mwaka mwingine nirudi Gede kwa ajili ya yule mkesha.

Kule Gede lala usiku nne. Najua zinaonekana nyingi. Arabuko-Sokoke una kilomita za mraba kama 420, na kwenye ramani ni doa moja la kijani kati ya Kilifi na Malindi. Ukiingia utaona ni misitu mitatu iliyobanana, na kinachoitenganisha ni udongo. Upande wa mashariki kuna msitu mseto, wenye mibambakofi na miti mingine mirefu kiasi, kivuli kizito, majani mengi chini. Katikati kuna ukanda wa mchanga mweupe usio na rutuba, na juu yake mirihi, Brachystegia, miti iliyoachana inayoruhusu jua kufika chini. Magharibi udongo unageuka mwekundu na msitu unakuwa kichaka kigumu cha Cynometra, kisichopita mtu bila kupinda mgongo. Mpaka kati ya mchanga mweupe na udongo mwekundu unaweza kuuvuka kwa hatua chache. Tazama viatu vyako: vumbi likibadilika rangi, ndege nao wamebadilika.

Kwenye mirihi inua macho. Huko juu hupita kundi mseto, ndege wa aina nyingi wanaotafuta wadudu pamoja, na ndani yake ukibahatika yumo mnana wa Kilifi, Ploceus golandi, dume mweusi mgongoni na wa manjano tumboni. Ndege huyu alielezwa na sayansi mwaka 1913, na haishi kwingine duniani ila kaunti ya Kilifi. Kiota chake kilikuja kuonekana mwaka 2013, miaka mia baadaye, na hakikuwa Sokoke: kilikuwa kwenye kinamasi cha msimu huko Dakatcha, kaskazini mwa mto Sabaki. Kumbe anahitaji mirihi ya kulishia na majani ya kinamasi ya kuzalia, na mvua isipokuwa nzuri kinamasi hakipo. Kwenye mirihi hiyohiyo tafuta chozi wa Amani, Hedydipna pallidigaster, mdogo na mwenye tumbo jeupe, anayependa vilele. Chini, kwenye nafasi kati ya vichaka, hutembea Anthus sokokensis, ambaye hukimbia kidogo, husimama, kisha huruka ghafla karibu na miguu yako.

Ukivuka kwenye udongo mwekundu, habari ni bundi. Otus ireneae ana urefu wa sentimita kama 16, huja kwa rangi ya kijivu, kahawia au kutu, na mchana hulala ndani ya kichaka cha Cynometra, mara nyingi kwenye kimo cha mtu. Waongozaji wa kituo cha Gede wanajua wapi wamelala wiki hii, kwa sababu huzunguka kuwatafuta. Mtaingia kwa kuinama, mwongozaji atasimama na kuonyesha kwa kidevu, nawe hutaona kitu. Kisha kitawi kikavu kitageuka kuwa na masikio mawili mafupi ya manyoya na mstari mwembamba pale macho yalipofumbwa. Tazama kwa dakika moja au mbili, rudi kwa njia mliyojia. Wakifungua macho mmekaribia mno. Msituni humo wamo tembo pia, kwa hiyo usijaribu kuingia peke yako hata kama njia inaonekana nyepesi. Na ukiona mnyama mwenye pua ndefu na kiuno cha rangi ya dhahabu akipita kwa kasi, huyo ni sange wa Sokoke. Hesabu ni bahati.

Mida usiende kwa mazoea ya alfajiri. Angalia jedwali la maji. Yakipwa kabisa, ndege wametawanyika mbali kwenye matope na unaona nukta tu. Yakijaa kabisa, wamejificha mikokoni au wameenda kulala kwingine. Saa unayoitaka ni ile maji yanapopanda, hasa wakati wa bamvua, kwa sababu bahari yenyewe inawasogeza hatua kwa hatua hadi ulipokaa. Kuna daraja la mbao la kuning'inia lililopita katikati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia, na ada yake husaidia karo za watoto wa vijiji jirani. Mtafute Dromas ardeola, mla kaa: mweupe na mweusi, mdomo mnene kama wa ndege asiyehusiana na matope. Ni wa pekee kati ya ndege wa fukweni kwa kutaga ndani ya shimo analochimba mchangani, na huzalia kwenye pwani za Bahari ya Shamu, Ghuba na Bahari ya Arabia. Pembeni yake watakuwepo kina kitwitwi waliotoka Siberia. Usihangaike kuwatambua wote siku ya kwanza. Chagua mmoja anayefanya jambo tofauti, kwa mfano Xenus cinereus, mwenye mdomo uliopinda kwenda juu na tabia ya kukimbia ovyo akifukuza kaa wadogo, umjue huyo vizuri. Wengine utawalinganisha naye.

Kutoka Gede rudi Mombasa, panda gari la Voi, kisha matatu ya Wundanyi. Hapo kati ndipo Tsavo itakapokupitia dirishani, na ukishuka Voi mapema ukae jioni moja pembeni mwa mji, kwenye vichaka vilivyo nje ya hifadhi, utapata sehemu nzuri ya ndege wa nyika kavu bila kuingia lango. Kanga wale wenye shingo ndefu na kifua cha buluu inayong'aa hupita kwa makundi. Kwezi mwenye kifua cha dhahabu, Lamprotornis regius, hana haja ya darubini.

Jambo moja kuhusu Tsavo Magharibi ambalo huenda hutalifikia safari hii, ila ulijue. Kwenye hoteli iliyo juu ya mtelemko wa Ngulia, tangu mwaka 1969, watu hukusanyika kila Novemba na Desemba kuwavisha pete ndege wahamiaji. Usiku usio na mwezi, ukungu ukishuka, ndege wanaosafiri gizani kutoka kaskazini huvutwa na taa na kushuka kwa maelfu. Mmoja wao ni Acrocephalus palustris, ndege mdogo wa rangi ya udongo ambaye ungempita bila kumtazama mara mbili. Anapofika Ulaya kuzaliana, wimbo wake umejaa sauti za kuiga, na nyingi kati ya hizo ni za ndege wa Afrika alioishi nao huku. Msikilizaji makini kule Ubelgiji anaweza kumsikia ndege wa nyika yetu akiimbwa na mdomo wa mwingine.

Wundanyi lala usiku mbili na beba sweta. Milima ya Taita ndiyo ncha ya kaskazini ya mnyororo wa milima ya kale unaoshuka Tanzania kupitia Pare, Usambara na Uluguru hadi Udzungwa. Misitu ya vilele hivi imekaa peke yake muda mrefu mno, ikinyweshwa na unyevu wa Bahari Hindi huku chini yake kukiwa kukavu, na kila kilele kimelea ndege wake. Kule Udzungwa, mwaka 1991, watafiti waligundua kwale asiyejulikana na sayansi baada ya kuona miguu isiyo ya kawaida ndani ya sufuria ya chakula chao. Jamaa zake wa karibu wako Asia.

Taita yenyewe ina ndege watatu usiowapata kwingine: mkesha wa Taita, Turdus helleri, mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, Zosterops silvanus, mwenye duara pana jeupe kuzunguka jicho, na Apalis fuscigularis, mdogo, koo jeusi, jicho jeupe linalokukodolea. Huyu wa mwisho yumo kwenye daraja la walio hatarini zaidi duniani. Nenda msitu wa Ngangao, unaofikika kwa bodaboda kutoka mjini, ukiwa na mwongozaji wa hapohapo. Utashangazwa na udogo wake. Ni hekta zipatazo 120, unaweza kuuzunguka kabla ya chakula cha mchana, na zaidi ya hapo ni mashamba na mikaratusi ambayo ndege hawa hawaitaki. Mkesha mtafute chini, palipo na majani mengi yaliyooza na kichaka chepesi. Tembea hatua tano, simama dakika tano. Usipofanya hivyo atakuona wewe tu.

Rudi Voi, panda treni ya Nairobi, ulale. Kesho yake nenda Njabini, Kinangop Kusini. Hapa ni siku moja tu na ndege ni mmoja hasa: Macronyx sharpei, mwenye koo la manjano na mgongo wa michirizi ya majani makavu, ambaye hapatikani nje ya Kenya. Anataka nyasi za mafungu za nyanda za juu, zile zinazoota kama vishungi, na anazitaka fupi za kulishia na ndefu za kujificha. Tatizo ni kwamba karibu ardhi yote ni ya watu binafsi, na kila mwaka fungu jingine la nyasi linalimwa viazi au ngano. Njabini kuna kikundi cha wenyeji kinacholinda vipande vilivyosalia. Wao ndio wanajua shamba lipi bado lina nyasi na mwenye shamba ni nani. Usiruke ua la mtu kwa sababu umeona ndege. Ukimuinua ataruka chini kwa chini na kuzama kwenye fungu jingine. Usimfuate zaidi ya mara mbili.

Sasa kuhusu kufuta Nakuru. Picha za ziwa la waridi unazozijua ni za kweli, ila heroe mdogo hafuati picha. Chakula chake ni mwani wa buluu-kijani uitwao Arthrospira, unaostawi kwenye maji ya magadi mazito. Tangu miaka ya 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda sana, magadi ya Nakuru yakazimuliwa na maji matamu, na makundi makubwa yakahamia mara nyingi Bogoria. Kwa hiyo lala Kampi ya Samaki kando ya Baringo, na siku moja uende Bogoria kupitia Marigat. Utapata maziwa mawili yaliyo karibu yasiyofanana kabisa: moja la maji matamu na samaki, lingine la magadi na chemchemi zinazochemka. Kupanda kwa Baringo kumezamisha nyumba na barabara za ufukweni, hasara kubwa kwa wenyeji. Miti iliyofia majini sasa imejaa mdiria na mnandi, na asubuhi mashua inapita katikati yake.

Mchana wa Baringo ni joto la kukatisha tamaa. Ndege hunyamaza, nawe nyamaza. Jioni nenda kwenye genge la mawe meusi nyuma ya barabara, makazi ya hondohondo wa magenge, Lophoceros hemprichii, na ya tai mweusi anayewinda pimbi. Vijana waongozaji wa hapo wana kipaji cha kukuonyesha bundi na kirukanjia waliolala mchana, mmoja baada ya mwingine.

Kutoka Baringo usirudi Nakuru. Pitia Kabarnet, ushuke bonde la Kerio, upande Iten hadi Eldoret, ndipo uteremke Kakamega. Ni kubadilisha matatu mara kadhaa na kona nyingi, lakini bondeni kwenye miti ya kando ya mto yupo shorobo mwenye kishungi cheupe, Tauraco leucolophus, na dereva akisimama kununua maembe una nafasi ya kumwona.

Kakamega lala usiku tatu, upande wa Isecheno. Hapa ndipo utakapoelewa kwa nini nilikutoa nyikani. Msitu huu ni kipande cha mashariki kabisa cha msitu mkuu wa mvua unaotoka Guinea kupitia Kongo, na ndege wake wengi hawafiki tena mashariki ya hapo. Mvua ni kama milimita 2,000 kwa mwaka na hupenda kunyesha alasiri, kwa hiyo asubuhi ni yako. Utasikia kwanza mabawa ya hondohondo mweusi na mweupe, yanayovuma kama treni ya mbali, kisha utamwona shorobo mkubwa wa buluu, Corythaeola cristata, mwenye urefu wa sentimita 75, akikimbia juu ya tawi kama kicheche. Hao ni rahisi. Kazi ni wale wa kijani-kijivu wa jamii ya shore, aina baada ya aina, wote wakiwa kivulini na wote wakitazama upande mwingine. Ushauri wangu: usijaribu kuwataja wote. Mwache mwongozaji akufundishe sauti mbili au tatu, na waliobaki uwaandike "shore, hajulikani". Daftari lenye majina yasiyo na uhakika lina madhara kuliko lenye nafasi wazi.

Omba siku moja mtafute siafu. Msafara ukitawanyika sakafuni, kila mdudu anayeweza kukimbia hukimbia: panzi, buibui, mende wa msituni, wote wanapanda mashina na majani. Ndege wanajua hilo. Utawakuta wamekaa chini chini kwenye vijiti, nusu mita kutoka ardhini: Chamaetylas poliocephala mwenye kifua cha kahawia, Bleda syndactylus mwenye mkia wa kutu, wakishuka, kudaka, kurudi. Ni ndege wanaojificha mwaka mzima, na hapo huonekana kwa karibu kiasi cha kutohitaji darubini. Ingiza suruali ndani ya soksi, simama pembeni ya msafara wala si mbele yake, na kila dakika tazama miguu yako. Siafu wa kwanza ukimhisi gotini, wengine kumi wameshapita.

Siku ya mwisho ni Kisumu. Dunga ni kinamasi cha mafunjo ukingoni mwa mji, na ndani ya mafunjo hayo wamo ndege wasioishi kwingine ila kwenye mafunjo. Laniarius mufumbiri ana kifua chekundu, mgongo mweusi na utosi wa manjano, lakini utamsikia muda mrefu kabla hajatokea. Yumo pia chiriku wa mafunjo, Crithagra koliensis. Panda mashua ya wavuvi wenye uzoefu wa kuongoza, alfajiri, upepo wa ziwa haujaamka na magugu maji hayajasukumwa kuziba njia. Viboko wapo, mwenye mashua akisema turudi, rudini.

Darubini: nunua 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza upate upana wa mwanga unaofika jichoni: 8x42 hukupa milimita 5.25, 10x42 hukupa 4.2, na zile ndogo za mfukoni za 8x25 kama 3 tu. Mchana juani hutaona tofauti. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi chini ya miti ya Kakamega, ile ya mfukoni itakuonyesha kivuli na 8x42 itakuonyesha rangi ya jicho. Ya 10 pia hukuza mtetemeko wa mkono na hukupa uwanja mwembamba, jambo baya unapomfuata ndege anayerukaruka majanini. Dukani, jaribu kusoma maandishi yaliyo hatua mbili tatu mbele yako. Ikishindwa, iache, maana kule kwa siafu utakuwa karibu hivyo. Hakikisha haiingizi maji. Kamera kama unayo, iache begini siku mbili za kwanza Gede.

Merlin, programu ya simu ya kutambua ndege kutoka Chuo Kikuu cha Cornell, itakusaidia, mradi upakue kifurushi cha Kenya kabla ya kuondoka, maana mtandao utakatika. Ikikutajia ndege kwa kusikia sauti, ichukulie kama tetesi hadi umwone. Orodha zako zipeleke kwenye Kenya Bird Map, atlasi ya ndege iliyogawanya nchi kwa miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9. Kaa angalau saa mbili ndani ya mraba mmoja ukiandika kila aina kwa mpangilio ulivyoiona. Miraba mingi ina orodha chache mno, kwa hiyo hata jioni yako ya pembeni mwa Voi ina kazi. Na kabla hujaondoka, ukifika Nairobi siku ya Jumatano, jiunge na matembezi ya asubuhi ya Nature Kenya, shirika la uhifadhi, yanayoanzia Makumbusho. Fleur Ng'weno ameyaongoza kwa miongo, na asubuhi moja na watu wale itakufundisha kushika darubini kuliko maelezo yangu haya. Dawa za malaria zungumza na daktari mapema. Pwani, Baringo na Kisumu mbu hawana utani.

Limebaki la kucheza sauti kwenye simu. Dume anapoisikia hudhani mpinzani ameingia eneo lake. Huacha kulisha, huja kupigana na asiyekuwepo, na ukirudia kila siku, kwa kila kundi la wageni, unamchosha msimu mzima. Kwa ndege wa kawaida aliyezama kichakani, mara moja kwa sauti ya chini, na unazima mara tu akijibu, sitakugombeza. Kwa yule apalis wa Taita na kwa bundi wa Sokoke, usicheze kamwe: wa kwanza ni wachache mno, na wa pili mwongozaji anajua alikolala. Waongozaji wengi hucheza kwa sababu wageni wamewazoeza hivyo na wanaogopa kukosa bakshishi. Kwa hiyo mwambie mapema, mkiwa bado kwenye geti, kwamba hutaki sauti ichezwe na kwamba malipo yake hayategemei ndege gani wametokea.